Jiwe Lililofifia Dirishani

Hapo zamani, ujinga ulipokuwa ukigawanywa kwa miji yote, watu wa Chambeni walipanga foleni mara mbili. Sisemi kwa chuki. Nitawasimulia habari za Bwana Mwinyikambi wa Chambeni, na mkishasikia mtaniambia wenyewe kama nimezidisha.

Bwana Mwinyikambi alikuwa mfanyabiashara wa ngozi na nta. Fedha alikuwa nazo, kazi ya kufanya hakuwa nayo, na mtu wa namna hiyo lazima ajitafutie wazimu wake. Wengine hununua farasi. Wengine huongeza wake. Yeye alikusanya mawe yanayong'aa. Kila msafiri aliyepita mjini alipewa agizo lile lile: "Niletee kwatzi. Niletee fuwele. Niletee jiwe la huko uendako." Wakamletea. Wakamletea kwatzi nyeupe ya Brazili, safi hata ukiweka kidole nyuma yake unakiona. Wakamletea ya rangi ya moshi kutoka milima ya Uswisi, na ya waridi kutoka Madagaska. Wakamletea amethisti za Uruguai, ile kwatzi ya zambarau, zimejipanga ndani ya gamba la jiwe kama meno kinywani. India ikaleta, Urusi ikaleta.

Na yeye mwenyewe? Hakuvuka hata mto wa Chambeni, kwa kuwa aliogopa maji. Lakini mgeni akiingia humsikia akisema, "Kule Uswisi, ndugu yangu, baridi ya asubuhi si mchezo," na huku anajikunyata kabisa.

Mawe yalipewa chumba cha wageni, chumba chenye hewa kuliko vyote. Wageni wenyewe walilala ukumbini. Mama mkwe wake alipokuja kuuguzwa alitandikiwa mkeka penye njia ya kwendea jikoni, karibu na mlango wa chumba cha mawe, ili asikie vizuri jinsi mawe yanavyopumzika. Akafia papo hapo mkekani. Na kiwanja kilichobeba nyumba ile, tuelewane, kilikuwa cha huyo huyo mama mkwe. Bwana Mwinyikambi alijenga kuta tu.

Binti wa marehemu, Bi Mwanamkasi, ndiye mke wa Bwana Mwinyikambi, na ndiye aliyekuwa akiyapangusa mawe. Aliyaosha kwa maji ya mvua, akayakausha kwa kitambaa laini, akatoa vumbi katikati ya ncha kwa brashi ya manyoya ya mbuzi, jiwe moja moja, Brazili kwanza, Uswisi baadaye. Hakuyapenda. Aliyaangalia kama mtu anavyoangalia watoto wa mke mwenza walioletwa kwake kulelewa. Lakini aliyapangusa vizuri, maana alikuwa mwanamke asiyeweza kufanya kazi vibaya hata akitaka.

Ukimwacha binti yao Hiba, mtu wa tatu katika nyumba hiyo aliitwa Mjuzi Shomvi. Mjuzi wa nini? Wa mawe! Alifika siku moja na kitabu kinene chenye picha za fuwele, kimeandikwa kwa lugha asiyoijua yeye wala mtu yeyote wa Chambeni, akakifungua mbele ya Bwana Mwinyikambi, akaweka kidole kwenye picha na kusema, "Hili hapa ndilo lako, Bwana, ila lako ni zuri zaidi." Akapewa chakula cha mchana. Akasema tena, akapewa cha usiku. Akapewa chumba cha uani, na tangu hapo hakuondoka. Kazi yake ilikuwa kukubali. Alikubali asubuhi, alikubali jioni, alinenepa kwa kukubali.

Basi, akaja mfanyabiashara mmoja kutoka Zambia, jina lake Mulenga, na mzigo aliokuwa ameufunga kwa magunia. Alipoufungua, hata Bi Mwanamkasi aliacha alichokuwa akifanya. Lilikuwa shada la amethisti kubwa kama mtungi wa maji, ncha juu ya ncha, zambarau iliyoiva hadi ikakaribia weusi. Bwana Mwinyikambi alipiga kelele, akatoka mbio bila viatu kwenda kuwaita majirani waje waone.

Huku nyuma Mulenga alikaribishwa wali. Bi Mwanamkasi alimpakulia, na Mjuzi Shomvi, ambaye hakuwahi kukosekana palipopakuliwa, alikaa naye sinia moja. Mulenga akasema, "Mama, na wewe mzee, nisikilizeni, maana mwenye nyumba ana haraka. Jiwe hili lisikae juani. Rangi yake hunywewa na jua. Liwekeni kivulini, mtaliachia wajukuu."

"Tumesikia," akasema Bi Mwanamkasi.

"Tumesikia," akasema Mjuzi Shomvi, akiutafuta mfupa.

Mulenga akala, akashukuru, akaenda zake. Majirani wakajaa. Na hapo Bwana Mwinyikambi akafanya jambo ambalo ndilo chanzo cha balaa lote.

Pale Chambeni palikuwa na kiapo kilichoitwa kiapo cha kizingiti. Mtu husimama mlangoni mwake, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, akaapa majirani wakisikia. Asipokitimiza, hakuna jirani atakayekivuka kizingiti hicho tena: si kwa harusi, si kwa msiba, si hata kuomba kaa la moto. Watu wenye akili walikiapa mara moja katika maisha yao, kwa jambo zito. Bwana Mwinyikambi alikiapa kwa jiwe.

Akasimama mlangoni, mguu ndani, mguu nje. "Majirani! Mtu wa nyumba hii atakayeliharibu jiwe hili, awe nani, atatoka kwa mlango huu mchana kweupe na nguo alizovaa, wala hatarudi!"

Majirani wakasema, "Tumesikia." Walikuwa wamekuja kuona jiwe, wakapata na kiapo juu yake. Walirudi kwao wamefurahi sana.

Kisha akaliweka wapi? Dirishani! Dirisha la barabarani, linalotazama magharibi, ili kila aendaye sokoni alione. Akamwambia mkewe, "Mama Hiba, fungua dirisha asubuhi watu wakienda sokoni. Soko likivunjika, funga."

Bi Mwanamkasi akamwambia, "Baba Hiba, Mulenga ametuambia, mimi na Mjuzi, jiwe hili lisikae juani. Litapoteza rangi."

Wageni walikuwepo. Bwana Mwinyikambi akacheka kicheko cha kuwachekesha wengine. "Sikieni! Jiwe limekaa ardhini tangu dunia ilipoumbwa, limevumilia moto wa chini huko, leo liogope jua la Chambeni! Mjuzi, ati ni kweli?"

Mjuzi Shomvi akamtazama Bwana. Akatazama na sinia lililokuwa likiingia. "Mawe ya watu wengine, labda," akasema. "Jiwe lako, Bwana, si la kufifia."

Wageni wakacheka. Bi Mwanamkasi akarudi jikoni. Lakini kesho yake alikata kanga yake moja, mpya, akaishona pazia, akalitundika kati ya kioo na jiwe. Alifanya hivyo kwa sababu, nimewaambia, hakuweza kufanya kazi vibaya.

Bwana Mwinyikambi aliporudi na marafiki zake na kuliona pazia, alilinyakua likachanika. "Unalivalisha jiwe kanga?" akasema. "Kesho utalipaka hina? Utalisuka?" Marafiki wakashika mbavu. Mjuzi Shomvi alicheka kuliko wote, mpaka akalazimika kuketi. Bi Mwanamkasi akaokota vipande vya kanga yake pale chini ya miguu yao. Siku hiyo alimchukia mumewe, na alilichukia jiwe zaidi, kwa sababu mumewe alikuwa baba wa mwanawe, na jiwe halikuwa chochote.

Tangu siku hiyo alifanya alivyoambiwa. Asubuhi alifungua dirisha. Watu walienda sokoni, wakaliona jiwe. Asubuhi jua lilikuwa upande wa pili wa nyumba, na jiwe halikudhurika. Soko likavunjika. Na hapo, wapenzi wangu, Bi Mwanamkasi hakufunga. Alikwenda jikoni. Alasiri jua likazunguka, likaingia dirishani, likajilaza juu ya amethisti hadi magharibi. Kesho vivyo hivyo. Keshokutwa vivyo hivyo.

Bwana Mwinyikambi akirudi jioni hukuta dirisha wazi. Je, alikasirika? Alifurahi! Watu wa jioni nao walikuwa wakipita, nao walikuwa wakisifu. Akawa anasimama nje ya nyumba yake mwenyewe, mikono mgongoni, akilitazama jiwe lake kama mpita njia. Na Mjuzi Shomvi husimama naye na kukubali.

Mvua zikanyesha, zikakatika, zikanyesha tena. Jiwe likawa zambarau. Likawa zambarau hafifu. Likawa rangi ya ua lililosahauliwa ndani ya kitabu. Likawa halina jina la rangi. Bi Mwanamkasi aliona, kila siku alipolipangusa. Mjuzi Shomvi aliona, akala. Bwana Mwinyikambi hakuona, maana mtu anayetazama kitu kila siku ili kujisifu haoni kitu, anaona sifa.

Ikafika harusi ya binti yao, Hiba. Mchumba alikuwa wa mji wa Mtoni Juu, na pamoja na watu wake akaja Bwana Nasoro Tindo, naye mkusanyaji wa mawe, hasimu wa siku nyingi. Hawa wawili hawakuwahi kugombana kwa maneno. Waligombana kwa fuwele. Huyu akipata ya Madagaska, yule hakulala mpaka apate ya India.

Asubuhi ya ndoa, nyumba imejaa, sufuria ziko motoni, Bwana Mwinyikambi akamshika Nasoro Tindo mkono, akamwongoza mpaka dirishani mbele ya umati. "Karibu," akasema. "Tazama mpaka ushibe."

Nasoro Tindo akatazama. Akainama, akatazama tena. Akasema kwa adabu kabisa, "Kwatzi nyeupe nzuri. Sasa nionyeshe ile ya zambarau."

Kimya kiliingia pale hata mwali ndani chumbani aliuliza kuna nini.

"Ndiyo hii," akasema Bwana Mwinyikambi.

"Hii?" Nasoro Tindo akaligeuza jiwe taratibu. Na upande wa nyuma, ule ulioegemea ukuta wa dirisha, ulikuwa bado zambarau, umeiva kama siku ile ya magunia. Mbele, maji ya kuoshea mchele. Nyuma, amethisti. Hapakuhitajika mjuzi wa kueleza. Dirisha lenyewe lilikuwa wazi mbele yao.

Wa Mtoni Juu wakacheka. Lo, walicheka! Na majirani wa Chambeni hawakucheka. Walikumbuka kiapo. Mmoja mmoja waliweka chini walichoshika: huyu mwiko, huyu sinia, huyu jamvi. Wakatoka nje. Wakasimama barabarani, mbele ya mlango, wakingoja. Jumbe wa mtaa akasema, "Bwana Mwinyikambi, uliapa. Mtu wa nyumba hii aliyeliharibu jiwe atoke. Asipotoka, sisi hatuingii, na binti yako ataolewa bila jirani hata mmoja. Shehe naye ni jirani. Yuko hapa nje pamoja nasi."

Ndani, Hiba akaanza kulia, hina ikiwa haijakauka mikononi.

Basi wakasimama mlangoni watu watatu wa nyumba ile, na kila mmoja akasema lake.

Mjuzi Shomvi alitangulia, maana mwenye tumbo ana haraka. "Jumbe," akasema, "mimi nimeligusa jiwe? Niulizeni kama nimewahi kuligusa. Sikuliweka dirishani. Sikufungua dirisha. Sikuacha kulifunga. Nilisema maneno, basi. Kiapo kinasema aliyeliharibu, na jiwe haliharibiki kwa maneno. Kama mtu mzima anauliza jambo kwa namna ya kuonyesha jibu analolitaka, na mimi nikampa, nimemwibia nini? Nitoke niende wapi? Sina kwetu."

Majirani wakatazamana. Wakasema, "Ana neno huyu."

"Hana!" akafoka Bwana Mwinyikambi. "Jumbe, nilimuuliza mbele ya watu. Nilisema, Mjuzi, ati ni kweli? Angesema ni kweli, ningelifunika jiwe saa ile ile. Alikula chakula changu miaka yote ili siku moja nikimuuliza anijibu, na siku hiyo akanidanganya. Kaketi sinia moja na Mulenga, kaambiwa kwa mdomo, kanyamaza! Na huyu mke wangu. Nilimwambia soko likivunjika, funga. Neno moja tu, funga. Jiwe limekaushwa na jua la alasiri, jua ambalo mimi sikuliamuru. Tena mali ni yangu. Mwenye kupoteza ndiye atolewe? Nimepoteza jiwe, nipoteze na nyumba? Mimi nimedanganywa na mmoja, nikaasiwa na mwingine. Kosa langu ni kuwaamini."

Majirani wakatazamana. Hawakupenda kusema, lakini wakasema, "Ana neno na huyu."

Mtu mmoja nyuma akaongeza, "Na dirisha la wazi jioni, si ulikuwa ukiliona?" Bwana Mwinyikambi akajifanya hakusikia.

Ikawa zamu ya Bi Mwanamkasi. Jumbe akamuuliza, "Mama Hiba, ulikuwa ukisahau kulifunga?"

Sasa, sikilizeni. Mtu yeyote pale alikuwa tayari kukubali kwamba alisahau. Nyumba kubwa, kazi nyingi, mwanamke mmoja. Angesema nilisahau, Jumbe angesema bahati mbaya, majirani wangemgeukia Shomvi wakamburuta kwa ukosi, na harusi ingeendelea. Jibu lilikuwa limeshawekwa mdomoni mwake, lilihitaji kutemwa tu. Na alikuwa na cha kupoteza kuliko wote. Ukuta ule aliufuta moshi kwa mikono yake. Udongo ule ulikuwa wa mama yake. Nje ya mlango hakuwa na mahali, na ndani ya mlango mwanawe alikuwa analia.

Bi Mwanamkasi akasema, "Sikusahau."

Umati ukanong'ona.

"Sikusahau hata siku moja. Soko likivunjika nilikuwa nasikia, nikasema moyoni, acha liwake. Nilimwambia mume wangu ukweli mbele ya watu, akanicheka. Nikalishonea jiwe pazia kwa kanga yangu, akalichana, akanicheka tena. Nikajiuliza, mara ya tatu nimwambie ili anifanyie nini? Nikafanya nilichoamriwa asubuhi, na alasiri nikafanya nilichotaka. Kila siku nililipangusa, nikaona limepungua, nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi. Mama yangu alifia kwenye njia ya kwendea jikoni kwa sababu ya haya mawe." Akamgeukia Jumbe. "Lakini Jumbe, nami niulize. Kumwonya mtu ni wajibu mara ngapi? Aliyeliweka juani si mimi. Aliyesema halififii si mimi. Katika watu watatu hawa, aliyejaribu kuliokoa ni mmoja tu, nami ndiye huyo. Na mkinitoa, mtanitoa katika kiwanja cha mama yangu, muwaachie hawa wawili wakae humo wakisifiana."

Majirani hawakusema ana neno. Wanawake walitazama chini. Wanaume walimtazama Jumbe, na Jumbe alitazama jamvi lililokunjwa.

Bwana Mwinyikambi akamgeukia mkewe. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anazungumza na umati. "Ulikuwa unajua siku zote," akasema, "na ukanipikia, na ukanitandikia, na ukaniacha nisimame nje pale jioni nikitabasamu?"

"Ndiyo," akasema Bi Mwanamkasi. "Na wewe ulikuwa ukitabasamu vizuri."

Mmoja wa Mtoni Juu alikohoa akificha kicheko. Hiba akatoka chumbani na mikono yake ya hina ameinyanyua isiguse kitu, akasimama nyuma ya wale watatu. Hakumtetea mtu. Alisema tu, "Mmoja wenu atoke, niolewe."

Hakuna aliyeinua mguu. Shomvi alimtazama Bwana, Bwana alimtazama mkewe, Bi Mwanamkasi alitazama barabara. Jua lilikuwa limeshaanza kuzunguka nyumba, pilau jikoni ilianza kunuka kuungua, na Shehe alikuwa amevua kofia akijipepea.

Mimi habari yangu imekatikia hapo, kwa sababu aliyenisimulia naye aliondoka kabla hawajaamua. Alisema ana safari. Nadhani alikuwa mwoga.

Sasa nyie mliokuwa mnacheka tangu mwanzo, msininyamazie. Mmoja alidanganya na hakugusa. Mmoja aliamuru na hakujua, kwa kuwa hakutaka kujua. Mmoja alijua, akaonya, akachekwa, kisha akaliacha jua lifanye kazi huku akifurahi. Kiapo kinataka mtu mmoja, mchana kweupe, na nguo alizovaa. Haya, ninyi ndio Jumbe: ni nani avuke kile kizingiti, ili yule binti aolewe?